Bei Mbili Ubaoni: Hesabu ya Mpakani Ambayo Shule Haitufundishi

Testi zimeisha, bumu halijaingia, na ukimwona mtu anakula chipsi kuku wiki hii ujue ana mjomba Ulaya. Leo siandiki habari za foleni ya kantini wala maji kukatika hosteli. Nina hoja, na ni hoja ya hela.

Hoja yangu ni hii: hela nyingi ya msafiri wa kawaida wa Afrika Mashariki inapotea kwenye kuzidisha na kugawanya, mchana kweupe, mwenyewe akiwa anaangalia. Vibaka wapo, sikatai. Lakini kibaka anakuibia mara moja, wakati hesabu mbovu ya kubadili fedha inakuibia kwenda, inakuibia kurudi, na unashukuru juu. Na lawama kubwa naipeleka shuleni, yaani kwetu sisi tunaosomea ualimu.

Kuna wanaosema hayo ni mambo ya wenye pesa, ya wanaopanda ndege. Si kweli jamani. Simama Namanga, Sirari, Mutukula, Horohoro au Tunduma asubuhi moja tu uone nani anavuka. Kina mama wa vitenge, vijana wa spea za pikipiki, wafugaji, wagonjwa wanaokwenda kutibiwa, wanafunzi. Hao ndio wanaobadili laki mbili, laki tatu, na kwao buku kumi ni hela.

Mwaka jana kundi letu la wanafunzi wa ualimu lilikwenda Nairobi kwa ziara ya masomo. Basi likatushusha Namanga kugonga pasipoti. Mwenzetu mmoja, msichana makini sana, alikuwa na laki tatu alizozikusanya kwa kujinyima. Akafuatwa na kijana mwenye bunda la noti mkononi na kalkuleta.

"Dada yangu, karibu, nikubadilishie hapa hapa, basi linaondoka hilo."

"Bei gani kaka?"

"Ya leo leo, dada. Wewe hesabu hela yako tu."

Akabonyeza kalkuleta yake, akamwonyesha: 13,043. Kondakta anapiga kelele, honi inalia. Hela ikahesabiwa, ikatimia vizuri kabisa, shilingi 13,043 za Kenya. Hakuna noti bandia, hakuna iliyopungua. Tulipofika mbele ndani ya basi, mwingine aliyebadilisha dukani siku ile ile akasema yeye alinunua kila shilingi ya Kenya kwa 20.50. Tukapiga hesabu. Laki tatu kwa 20.50 ni 14,634. Yule kijana alikuwa amegawa kwa 23. Tofauti ni shilingi 1,591 za Kenya, ambazo kwa bei ya duka ni zaidi ya elfu thelathini na mbili za kwetu. Siku tatu za Nairobi binti wa watu anakunywa chai na mkate, anatuambia hana njaa.

Sasa kilichoniudhi si yule kijana. Kilichoniudhi ni wenzetu kucheka. "Mshamba huyo, si angeuliza?" Huyu anayeitwa mshamba alipata B ya Hesabu kidato cha nne! Kama mwenye B anapigwa mpakani, aliyepata F, ambao ndio wengi, atapona vipi? Tukimcheka tunakuwa tumesamehe aliyepaswa kumfundisha.

Tuliosoma mtaala uliokuwepo kabla ya haya mageuzi ya juzi tunakumbuka: kidato cha tatu kuna mada ya viwango, na ndani yake kuna kubadili fedha. Maswali yake yanafanana kama mapacha. Unaambiwa shilingi moja ya Kenya ni sawa na kadhaa za Tanzania, mtu ana kiasi fulani, atapata ngapi? Unazidisha au unagawanya, unapigiwa vema, unaendelea. Bei ni moja, haina mwenyewe, na hakuna mtu anayepata faida.

Ulimwengu wa namna hiyo haupo. Ubaoni kwenye duka la kubadilishia fedha kuna bei mbili, ya kununua na ya kuuza, na maneno hayo yanasemwa upande wa duka, si upande wako. Duka "linanunua" shilingi ya Kenya kutoka kwako, na "linakuuzia" ukiitaka. Pengo kati ya bei hizo mbili ndiyo mshahara wa mwenye duka, ndiyo maana anaweza kukuandikia "hatutozi kamisheni" bila kusema uongo. Kamisheni yake umeshaila kwenye bei.

Chukua mfano, na bei hizi ni za mfano tu, maana zinabadilika kila siku. Ubao unasema kununua 18.50, kuuza 20.50. Una laki mbili. Unagawa kwa 20.50, unapata kama 9,756 za Kenya. Unatoka nje, unapigiwa simu safari imeahirishwa, unarudi dirisha lile lile. Sasa wanakuzidishia kwa 18.50: unapewa 180,486. Umetembea hatua kumi, hujanunua hata maji, na elfu kumi na tisa na mia tano na ushee imekwenda. Hiyo ni karibu asilimia kumi. Na hilo ni duka halali, lenye leseni na risiti!

Kuna kitu kingine kinachowachanganya wengi. Ukivuka upande wa Kenya, ubao mara nyingi unaandika ni shilingi ngapi za Tanzania kwa shilingi moja ya kwao, kwa hiyo namba kubwa inakaa kwenye kununua na ndogo kwenye kuuza, kinyume na ulivyozoea. Mtu anasoma, anatabasamu, anadhani amebahatika. Kanuni yangu ni rahisi na haijawahi kuniangusha: kati ya namba mbili za ubaoni, yako ni ile inayokuumiza.

Nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nilipangiwa sekondari moja wilaya ya Longido, wilaya ambayo Namanga yetu imo ndani yake. Nikafika kwenye mada hiyo hiyo. Nikaandika swali la kitabuni. Kijana wa nyuma kabisa, mtoro mzuri tu, siku za mnada wa ng'ombe humwoni, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hiyo bei ni ya kununua au ya kuuza?" Darasa zima likamgeukia. Nikamwita mbele aeleze. Akaeleza kwa mbuzi: mbuzi akivushwa Kenya analipwa kwa hela ya Kenya, halafu baba akirudi anaibadilisha ili anunue unga na dawa za mifugo, na kila akibadilisha anapungukiwa, kwa hiyo wao nyumbani huiweka hela ya Kenya kama ilivyo mpaka siku ya kwenda tena kununua vitu ng'ambo. Habadilishi mara mbili kitu anachoweza kubadilisha mara moja.

Wadau, hapo kuna somo zima. Tukatumia vipindi viwili badala ya kimoja. Wale wanafunzi ambao kila siku wananiambia Hesabu ni ngumu walikuwa wanagombania chaki. Ndipo nikaamini kwamba tatizo si vichwa vya watoto. Swali la kitabuni limetolewa meno.

Kwa wanaopenda historia, hizi shilingi zetu zilikuwa moja. Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1919, na shilingi yake ikatumika Kenya, Uganda na Tanganyika, Zanzibar nayo ikaingia mwaka 1936. Babu yako alitoka Moshi akaenda Mombasa na hela ile ile mfukoni. Mwaka 1966 kila nchi ikaanza kutoa shilingi yake kupitia benki kuu yake, na mwanzoni zilikuwa sawa kwa sawa, moja kwa moja. Leo shilingi moja ya Kenya inacheza kwenye ishirini za kwetu, na ya Uganda ni nyepesi kuliko yetu. Jumuiya ikavunjika 1977, ikafufuliwa kwa mkataba uliosainiwa Arusha tarehe 30 Novemba 1999. Tarehe 30 Novemba 2013, Kampala, marais wakasaini itifaki ya umoja wa fedha, wakisema sarafu moja ndani ya miaka kumi. Lengo lilikuwa 2024. Limesogezwa hadi 2031.

Mimi sipingi sarafu moja. Ninachosema ni kwamba mama wa vitenge hawezi kusubiri 2031. Anavuka Jumanne.

Sasa najua watu wangu, mtaniambia, "Wewe mzee wa kalamu, siku hizi nani anabadili noti mpakani? Beba dola." Wengine, "Tumia simu." Twende taratibu.

Dola kwanza. Nilifikiri kupitia dola ni kubadili mara mbili kwa hiyo ni hasara mara mbili. Piga hesabu uone, inategemea wewe ni nani. Tuseme Dar wanakuuzia dola kwa 2,550, na Nairobi wananunua noti ya mia kwa shilingi 127 za kwao kila dola. Ukiwa na 255,000 unapata noti moja ya mia, unaibadilisha, unapata 12,700 za Kenya. Kwa bei yetu ya 20.50 moja kwa moja ungepata 12,439. Dola imekushindia, kwa sababu pengo la dola huwa jembamba: inatafutwa na kila mtu. Lakini wewe mwenye laki mbili hupati noti ya mia. Unapata noti ndogo ndogo, sabini na nane hivi, na noti ndogo maduka mengi huzinunua kwa bei ya chini. Wakikupa 120 unapata 9,360, wakati kubadili moja kwa moja kungekupa 9,756. Umeona mchezo? Mwenye nyingi anapewa bei nzuri, mwenye kidogo anapewa mbaya. Ndiyo maana ushauri wa "beba dola" unatolewa na watu wenye noti za mia.

Halafu dola zenyewe zina visa. Serikali ya Marekani inasema noti zake zote kuanzia za 1914 bado ni halali. Ukifika kwenye madirisha ya huku kwetu unaambiwa ya zamani hatutaki, ya kichwa kidogo hatutaki (zile za mia za kabla ya mabadiliko ya 1996), iliyokunjika, iliyoandikwa kwa kalamu, hatutaki. Uhalali wa Washington haukusaidii kama dirishani wanakataa. Kama unapokea dola, kagua kama unavyokagua nyanya. Na kuzipata si uhakika: kati ya 2018 na 2019 maduka mengi ya Arusha na Dar yalifungwa kwenye ile operesheni ya serikali, na mwaka 2023 dola ziliadimika hata mabenki yakawa yanakugawia kwa kijiko.

Simu nayo ni mkombozi, nakubali. Tangu mwaka 2015 M-Pesa ya Tanzania inaongea na M-Pesa ya Kenya, na ni salama kuliko kufunga laki tano kwenye khanga. Lakini simu nayo ina bei yake ya kubadilisha. Ada ya kutuma unaiona, pengo la bei hulioni mpaka ugawe mwenyewe: hela iliyotoka, gawa kwa hela iliyofika. Kadi ya benki ni hivyo hivyo. Benki yako inaweza kukukata, yenye mashine inaweza kukukata, na mashine ikikuuliza kama unataka ikuhesabie kwa fedha ya kwenu, kataa, chagua fedha ya nchi uliyopo. Huo ukarimu wa kukuhesabia huwa una bei. Kwa hiyo hata ukihama noti, hesabu ni ile ile. Imehama kidole tu.

Jambo jingine ambalo halipo kabisa kwenye vitabu vyetu: noti hufa. Tarehe 1 Juni 2019 Kenya ilitangaza noti mpya na kusema ile ya zamani ya shilingi 1,000 mwisho wake ni 30 Septemba mwaka huo huo. Miezi minne. Waliokuwa wameziweka chini ya godoro upande huu wa mpaka wakabaki na picha za mzee. Hata kwetu, noti zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, pamoja na ile ya jero ya 2010, zilipewa muda wa kubadilishwa kuanzia 6 Januari hadi 5 Aprili 2025, basi. Mgeni asiyejua anapewa noti mfu giza limeingia, anagundua asubuhi kwa muuza maandazi. Noti za Kenya za toleo la 2019 zina lile jengo la mikutano la KICC. Jua sura za hela ya unakokwenda kabla hujaenda. Dakika tano tu.

Sitaki kuwachafua wabadilisha hela wote wa mpakani. Wapo waaminifu, wafanyabiashara wa kila wiki wana watu wao wanaowaamini kuliko benki, na usiku duka likifungwa hao ndio wapo. Lakini kwa Sheria ya Fedha za Kigeni ya 1992 kazi hiyo inataka leseni, na ukipigwa na asiye nayo huna wa kumshtaki. Huna risiti, huna jina, basi limeshaondoka.

Kwa anayesafiri wiki ijayo, haya ndiyo ninayowaambia wenzangu wa hosteli. Uliza bei kwa maneno, "shilingi moja ya Kenya unaniuzia kwa ngapi?", kabla hujatoa hela. Asiyetaja bei mwache aende zake. Piga hesabu kwenye simu yako, usiazime kalkuleta ya mtu unayefanya naye biashara. Hesabu noti moja moja, na zilizokunjwa zifungue, maana noti iliyokunjwa huhesabika mara mbili. Akizichukua tena "kuhakikisha", zikirudi anza upya moja mpaka mwisho. Badilisha kidogo cha kufikia, nauli, chakula na choo cha njiani, kingine ubadilishe mjini ukiwa umetulia. Usiweke zote mahali pamoja, na pasipoti isilale na hela kitanda kimoja. Sarafu zimalize kabla ya kurudi, huku hakuna wa kukubadilishia. Ukiwa na dola elfu kumi au zaidi sheria inakutaka utamke mpakani, ila ukiwa nazo nadhani husomi ukurasa wa mwanafunzi asiye na bumu.

Lakini maarifa ya mtu mmoja mmoja hayatoshi, na hapa ndipo nataka tubishane. Naomba mambo mawili.

La kwanza ni la serikali zetu. Pale Namanga kuna kituo cha pamoja cha mpakani, kizuri, unahudumiwa nchi mbili chini ya paa moja. Basi wekeni ubao mkubwa, kwa Kiswahili, penye foleni ya pasipoti, unaoonyesha wastani wa bei ya siku kutoka benki kuu. Si kumlazimisha mtu auze kwa bei hiyo. Ni kumpa mnunuzi namba moja ya kushikilia kichwani kabla hajafuatwa na wa kalkuleta. Namba hiyo tayari inatangazwa na benki kuu kwenye tovuti, sasa mama wa vitenge saa kumi na moja alfajiri atafungua tovuti saa ngapi? Ubao, rangi na mtu wa kubadilisha namba kila asubuhi. Hatuombi reli.

La pili ni letu walimu. Tusisubiri mtaala. Kesho ukiingia kidato cha tatu, swali lako la kubadili fedha liwe na bei mbili. Liwe la kwenda na kurudi. Wagawe wanafunzi, huyu duka, huyu msafiri, huyu kondakta anapiga honi, na karatasi zikatwe ziwe noti. Mwenye duka atafute faida, msafiri atafute kutopigwa. Swali la mwisho: umepoteza asilimia ngapi, na nani kaipata? Mtoto atakayejibu hilo hatacheka mwenzake aliyepigwa. Atamshika mkono amwambie, subiri dada, tuulize bei kwanza.

Tunajisifu kwamba ualimu ni wito. Sawa. Lakini mwanafunzi anayekokotoa eneo la duara vizuri kabisa halafu anavuka mpaka anapokonywa msosi wa wiki nzima kwa kugawa kwa 23, sisi tuliomfundisha tumemfundisha nini hasa?

Naomba kutoa hoja. Anayesema nimekosea aje na namba zake, tukutane kantini, chai juu yangu. Bumu likiingia.